Fomula Zinazooana Bila Posa

Kahin Abdirashid,
Msafirishaji wa vitunguu,
Wabera, Isiolo.
21 Novemba

Kwa Dkt. Kobia,
Msimamizi wa wanafunzi wa kompyuta.

Daktari mheshimiwa,

Salaam aleikum, au habari ya kazi. Pokea ile inayokufaa.

MINTARAFU: KUSIMAMISHA UZAZI WA FOMULA ZA MPWA WANGU FAIZA

Hatujaonana hata siku moja, lakini umenikosea, nami nasema hivyo kwa adabu. Kwa miaka ishirini na miwili lori langu limebeba vitunguu kutoka mashamba ya Rapsu hadi Isiolo. Njiani kuna laga, yaani mto usio na maji mpaka siku utakapoamua kuwa nayo. Muda huo wote, swali la kama laga linavukika lilijibiwa na mtu mmoja tu. Nilitazama mawingu, nikanusa upepo, nikatamka. Hakuna aliyebisha.

Kisha ukamfundisha Faiza, binti wa dada yangu, kutabiri mafuriko kwa kompyuta. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilimwomba anieleze kazi yake, nikajuta. Anaanza na fomula mia tano zilizotungwa ovyo ovyo. Kila moja inaulizwa: kwa mvua hii na ile, laga lilifurika au halikufurika? Zinazokosa zinatupwa. Zinazokaribia zinaoanishwa, zinabadilishana vipande, zinazaa watoto, na watoto nao wanaulizwa. Sasa amefika kizazi cha mia tatu na kumi. Nikamuuliza, walii wao wa kuwaozesha ni nani? Nani alileta posa? Akacheka. Daktari, hata ngamia tunajua baba yake.

2. Fomula iliyoshinda ni ndefu kama orodha ya harusi, na katikati ina kipande kinachojumlisha namba kisha kuitoa namba hiyo hiyo. Nikauliza kazi yake. "Hakina kazi, Abti," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita mjomba. "Kimerithiwa tu." Nyumba yangu ina jamaa wa namna hiyo wawili, lakini hakuna anayewaita sayansi.

3. Hili ndilo kubwa. Jumanne ya wiki iliyopita tulikuwa Rapsu, lori limejaa. Mke wangu Ruweida alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa huko, naye angerudi mjini akiwa ameketi mbele na dereva. Saa nane mchana niliamuru waondoke. Mbingu ilikuwa safi kabisa, na laga kavu hata mbwa alikuwa amelala katikati yake. Dereva wangu Akuam hakuwasha gari. Alikuwa anatazama simu.

"Mzee," akasema, "Faiza ameandika tungoje. Mvua kubwa imenyesha milima ya Nyambene asubuhi. Maji yatafika kabla ya saa kumi."

Nikamwambia Nyambene ni kule na sisi tuko hapa. Nikamwambia awashe gari au anipe ufunguo. Akauweka ufunguo mkononi mwangu. Basi nikapanda mwenyewe, nikawasha, nikamwita Ruweida apande.

Ruweida akaenda kuketi juu ya gunia kando ya barabara, akafunga mikono. "Kahin, mimi ni mke wako, si kitunguu. Sivuki."

Siwezi kumwacha mke barabarani, watu wangesema nini? Nikazima gari ili tugombane vizuri. Tuligombana kwa saa moja na nusu. Saa tisa na dakika arobaini mbwa aliinuka akakimbia. Kisha tukasikia mngurumo, na maji ya rangi ya chai yakashuka yakiwa yamebeba mgunga mzima, na mizizi yake juu. Palikuwa pakavu, mara hapakuwepo. Ruweida alinishika mkono tu, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

Lalamiko langu, Daktari, ni kwamba hakusema neno. Mwanamke huyu ana maneno ya kila kitu. Angesema "nilikuambia", ningejibu. Mtu atajibuje mkono?

4. Tangu siku hiyo madereva wote wa vitunguu wanampigia Faiza. Mimi wananisalimia vizuri mno, kama mtu aliyefiwa.

5. Sasa balaa imeingia nyumbani. Ruweida amemwomba Faiza fomula nyingine: nikisema kwa simu "niko njiani", nitafika baada ya muda gani? Wameilisha safari zangu za wiki tatu zilizopita, kama simu yake ilivyozihifadhi. Juzi nilisema niko njiani, nikakuta chakula kinapakuliwa ninapovua viatu. Dakika hamsini na tatu, kama ilivyotabiri. Daktari, nilikuwa bado nimekaa kwenye mkahawa nilipopiga simu ile, na sasa hilo linajulikana kihesabu.

Kwa hiyo naomba fomula hizo zitenganishwe mara moja, kila moja irudi kwao. Ikishindikana, naomba ziwe zikikosea angalau mara moja kwa mwezi, kwa siku tutakayopatana mapema, nami niwe nimetamka jibu sahihi mbele ya watu.

Nisalimie walimu wenzako, mlinzi wa lango, na yeyote huko ambaye bado anatazama mawingu. Mama yake Faiza anakusalimu, Akuam pia. Ruweida anasema Mungu akupe umri mrefu; sikumuuliza kwa nini.

Wako mwenye uchungu,
Kahin Abdirashid

Tanbihi: Katika mfuko wa sukari ulioletwa pamoja na barua hii kuna madaftari yangu tisa. Nimeandika humo kila siku ambayo laga lilifurika tangu niliponunua lori. Faiza ana kumbukumbu za miaka minne tu, na nimesikia fomula hunenepa kwa kulishwa siku nyingi. Mpe, zizaane zitakavyo. Ila kurasa nilizokunja pembe asizitumie. Siku hizo niliandika nilichotabiri, si kilichotokea. Ni kurasa sitini na mbili. Tafadhali zichane kabla hajaziona, na akiuliza, mwambie panya wa Wabera wana njaa.