Mabehewa Mapya ya Mitunguu

Jumatatu, 6 Machi

Baraza kwa chifu. Nilikaa mbele kabisa. Afisa wa reli, Bi. Wambeti, alieleza kwamba reli ikikubaliwa kuja upande huu, kila stesheni itawekwa kwenye kundi lake la ufadhili. Kundi la Kwanza: serikali inagharamia treni ya abiria, injini mpya kabisa, mabehewa mapya yenye viti vya kuegemea. Kundi la Pili: mabehewa ya zamani yaliyopakwa rangi. Kundi la Tatu: mizigo tu. Ijumaa watakuja sokoni kuona kama tuna abiria.

Mabehewa ya zamani, sisi? Tumekosea nini? Mitunguu ni Kundi la Kwanza! Na mimi Kiogora nitafungua hoteli ya abiria kabla watu hawajaamka. Marete, jirani yangu, akaniuliza mbele ya baraza zima kama kware wangu wa biashara bado wanataga. Mtu hana adabu! Kware walikufa wote mwaka juzi na anajua vizuri sana.

Jumanne, 7 Machi

Mke wangu Ntinyari yuko Githongo kwa kaka yake Riungu, ambaye mkewe amejifungua. Bahati iliyoje. Hoteli inataka nafasi kando ya barabara, na kando ya barabara kuna migomba yake. Migomba arobaini, aliyoipanda kwa mikono yake. Karo ya watoto hutoka hapo.

Nimeikata yote. Mgongo unaniuma vibaya. Mchana alipiga simu kuuliza kama namwagilia ndizi zake maji. Nikamwambia zimelala salama. Huo si uongo.

Jumatano, 8 Machi

Fundi amesimamisha nguzo, mabati na benchi moja. Aliuliza reli itapita wapi hasa. Nikamwambia yeye apige misumari.

Kisha nyumba kwa nyumba, hadi kwa wanakwaya. Niliwaambia kila mtu afike Ijumaa kama msafiri kamili, akiwa na mzigo, tena mzigo mzito, ili afisa aone kwamba hapa watu wana safari za kweli. Hata Marete aliitikia kwa kichwa. Nilipaswa kushuku hapo hapo.

Ijumaa, 10 Machi

Nimeaibika! Watu walifika, hilo siwanyimi. Uwanja mzima ulijaa. Lakini sanduku hata moja sikuona. Begi hakuna. Kila mtu na mkungu wa ndizi! Wanakwaya na ndizi, mwalimu mkuu na ndizi, Marete na mkokoteni mzima! Nilimuuliza Mama Kaari, mzee wa kanisa, hii ni nini. Akanishangaa. Akasema tangu lini mtu wa Mitunguu akaenda kwa watu mikono mitupu.

Nusu saa baadaye walikuwa wanauziana. Bi. Wambeti mwenyewe alinunua mkungu, akaupakia kwenye gari la serikali, akaandika: Kundi la Tatu, mizigo. Nikamkimbilia nikimweleza kwamba hao ni abiria. Akaniuliza, kwa upole kabisa, wanaenda wapi.

Embu ndio wamepata Kundi la Kwanza! Ati walijitokeza mikono mifukoni, wamevaa tai. Basi tu.

Jumamosi, 11 Machi

Bi. Wambeti amepita akiandikisha wakulima wa kupeleka ndizi kwa mabehewa ya baridi, reli ikija. Sharti lake ni moja: migomba iliyosimama shambani. Marete ameandikwa wa kwanza. Kwangu aliangalia visiki, akaangalia kibao cha STESHENI HOTELI, akanitakia kila la heri. Katika Mitunguu nzima, mimi tu ndiye sina ndizi!

Saa nane Ntinyari akashuka kwenye bodaboda. Hakupiga kelele. Nilitamani apige. Alitembea katikati ya visiki, kimoja kimoja, akauliza watoto watasoma kwa pesa gani. Nikamwambia kuhusu viti vya kuegemea. Akaketi kwenye benchi langu na begi lake magotini, hadi bodaboda nyingine ikaja kumrudisha Githongo.

Ndiye mteja wa kwanza kulikalia lile benchi. Roho inaniuma, naandika ukweli.

Jumatatu, 13 Machi

Niko Githongo kuomba msamaha. Ntinyari amekataa kutoka nje. Shemeji Riungu ameniletea chai hapa uani na kuniambia nimpe muda. Nimempa saa mbili nzima.

Nikiwa nangoja, nimeambiwa kwamba upande huu bado hawajahesabiwa. Githongo bado haina kundi! Na watu wa hapa wanalima kahawa, ambayo hakuna anayeipeleka kwa wageni kwa mkungu. Nimepima kwa hatua. Miti ya kahawa ya Riungu, ile mistari sita ya mbele, imekaa mahali pazuri sana pa hoteli.

Ntinyari atafurahi nikimtengenezea kitu hapa nyumbani kwao. Nimeazima panga la shemeji. Nimemwambia ni la kupunguza nyasi.