Kuhusu Meya Aliyeangukia Nyumbani Kwetu

Ndugu Mhariri,

Kuna swali ambalo limeninyima utulivu kwa muda mrefu, na ambalo sikulikuta katika kitabu chochote nilichosoma nilipokuwa mwanafunzi wa falsafa chuo kikuu: kiongozi akianguka, humwangukia nani? Gazeti lako liliandika kwa herufi kubwa, "MEYA AANGUKA," kisha likafungua ukurasa wa michezo. Halikusema alitua wapi. Naomba kwa heshima nikamilishe habari hiyo: alitua sebuleni kwangu, kwenye kochi, na hadi leo hainuki ila kutoa maagizo.

Mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, wala sina nia ya kumtetea. Wasomaji wako wanayakumbuka yaliyotokea. Ukuta wa bwawa la majitaka ya kiwanda cha rangi, uliojengwa na manispaa, ulibomoka kwa mvua, mto ukawa wa buluu kutoka darajani hadi machinjioni, na bata, mbuzi na mashuka ya hospitali vikafuata rangi hiyo. Kaka alisimama ukingoni akatangaza kwamba mto haukuchafuka, bali umependeza. Ili kuondoa shaka, akanawa uso mbele ya kamera. Madiwani walipokutana kumjadili, walimjadili akiwa wa buluu hadi masikioni, na ni vigumu mtu kukanusha jambo lililomganda usoni. Baadaye ikajulikana kwamba ukuta ule ulikuwa mchanga mtupu uliopakwa chokaa, na kwamba mkandarasi alikuwa msimamizi wake wa harusi. Kura zikapigwa, akatoka. Haki ilitendeka. Malalamiko yangu yanaanzia pale haki ilipomaliza kazi yake na kumshusha mlangoni kwangu pamoja na masanduku yake.

1. Matangazo. Maji yakikatika, kaka husimama koridoni na kutangaza kwamba hali ni shwari na wananchi waendelee na shughuli zao. Wananchi ni mama yetu, mume wangu, binti zangu mapacha na mimi. Mama, ambaye masikio yake yamechoka, husikia tu mvumo wa sauti ya kifungua mimba wake, akafurahi, akapiga makofi. Kwa hiyo kila tangazo hupita bila kupingwa.

2. Choo. Tulikarabati choo cha nje. Kaka aliagiza kisitumike kabla ya kuzinduliwa rasmi, akafunga utepe mlangoni. Mgeni rasmi alikuwa yeye mwenyewe, naye alichelewa, kwa sababu alikuwa amelala. Sitaeleza hali ya familia wakati wa kumsubiri. Nitasema tu kwamba shangazi yetu, aliyekuja kututembelea kwa nia njema, aliondoka bila kuaga na hapokei simu.

3. Mume wangu. Kabla ya ujio huu alikuwa mwalimu wa michezo, mtu wa maneno machache na ya kweli. Sasa ni msemaji. Nilimuuliza kwa nini amechelewa kurudi, akanijibu kwamba suala hilo linafanyiwa kazi na taarifa kamili itatolewa kwa wakati mwafaka. Nikamwambia, "Baba Mapacha, mimi ni mkeo." Akasema amelipokea hilo.

4. Minofu. Mmoja wa binti zangu aliuliza mezani kwa nini sahani ya mjomba ina minofu mingi kuliko sahani zetu zote zikijumlishwa. Iliundwa kamati ya uchunguzi, mwenyekiti mjomba. Kamati ilikaa na sahani hiyo faraghani, ikajiridhisha kwamba hakukuwa na minofu yoyote, na kufikia wakati huo kweli haikuwepo.

5. Ukuta. Haya mengine ningeyavumilia, Ndugu Mhariri. Yalinifundisha subira, na subira haiozi. La ukuta siliwezi. Kaka ameamua kuuthibitishia ulimwengu kwamba ukuta wa mchanga unaweza kuzuia maji. Amechimba bwawa la mfano upande wa juu wa ua wetu, linakusanya maji yote ya kuogea na kufulia, na mume wangu analijengea ukingo kwa mchanga na chokaa, kwa vipimo vilevile vya kiwandani. Chini ya ua wetu, hatua chache tu mteremkoni, kuna kibanda cha jirani yetu fundi cherehani, ambaye mtaa mzima humwita Mama Vipimo. Humo zimepangwa hadi darini sare za shule za muhula ujao, vitambaa vikiwa ni vya wazazi na jasho likiwa ni lake. Bwawa likipasuka, hana pa kuanzia. Alipouona ukuta ukipanda alituita kutoka ng'ambo ya ua: "Jirani, huo ukuta mnalijengea bwawa au mnanijengea mimi kaburi?" Kaka akamjibu kwamba wasiwasi wake umezingatiwa. Mama Vipimo akasema, "Kama ulivyouzingatia ule mto." Mawingu yameanza kukusanyika.

Utauliza kwa nini hatumkatazi. Swali ni la haki, nami nimejiuliza mara nyingi. Baba yetu alifariki tukiwa wadogo, na kaka ndiye aliyetulea. Katika nyumba yetu mkubwa hakosolewi mbele ya wadogo, na mbele yake sisi sote ni wadogo, hata mama siku hizi.

Hapa ndipo ninapofikia hoja yangu kuu, ambayo naiomba uisome bila haraka. Nimefanya utafiti mdogo kuhusu miaka ya kaka madarakani na kugundua jambo la ajabu: kwa miaka yote hiyo, ukiuacha ukuta wa kiwanda, hakuharibu kitu. Aliagiza soko lihamishiwe kilimani, halikuhama. Aliagiza taa za barabarani zizimwe usiku ili zidumu, ziliendelea kuwaka. Mji uliokolewa na katibu muhtasi wake, mama mmoja mtulivu ambaye ofisi nzima humwita Bi Imepokelewa. Kila agizo lilipotoka, yeye aliinamisha kichwa, akasema, "Imepokelewa, Mheshimiwa," akaliweka kwenye trei, na juu ya trei akaweka birika la chai. Hakuna agizo lililowahi kutoka chini ya birika lile. Lililotekelezwa ni moja tu, la ukuta wa kiwanda, wiki ambayo Bi Imepokelewa alikuwa likizo akimwoza binti yake. Kaka alitaka ukuta ukamilike haraka hata kama saruji haijafika, kwa kuwa utepe ulikuwa umeshanunuliwa. Aliyemkaimu, mtu mwenye bidii ya kutisha, alilitekeleza siku hiyohiyo.

Mantiki inanisukuma basi kwenye hitimisho ambalo mimi mwenyewe silipendi. Mmemtoa mtu huyu katika jengo lenye watumishi waliozoea kutomtii, mkamleta katika nyumba yenye watu waliofundwa kumtii. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hawakusema afanyweje yule ambaye ulimwengu umejaribu, ukashindwa, na kumrudisha kwa mamaye. Kwa sababu hizo naomba, kupitia gazeti lako, kwamba kaka arudishwe madarakani kabla ya mvua, akabidhiwe ofisi, bendera, gari na Bi Imepokelewa, na kwamba Bi Imepokelewa asipewe likizo tena.

Nakiri kwamba hoja hii ina kasoro. Nimeipekua nikitafuta mahali inapovuja, na inavuja karibu kila mahali. Watu wa kando ya mto walipoteza maji ya kunywa. Mimi nimepoteza kochi. Kuviweka viwili hivyo katika mzani mmoja si uungwana, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeniaibisha kwa hilo. Lakini Mama Vipimo hana muda wa kusubiri nisahihishe mantiki yangu.

Nisalimie wote wa chumba cha habari, hasa mpiga picha aliyempiga kaka picha akiwa wa buluu. Mama ameibandika picha hiyo sebuleni na anasema mwanawe ametoka vizuri. Msalimie pia muuza magazeti wa kona ya benki, na umwambie kwamba kaka bado anasubiri nakala yake ya bure.

Ni mimi, ninayetazama mawingu kwa adabu zote,
Mdogo wa aliyekuwa Mstahiki Meya

Tanbihi. Kabla sijafunga bahasha, Bi Imepokelewa amefika. Nilikuwa nimemwomba aje akae nasi na trei yake, walau mvua zipite. Alisimama uani akautazama ukuta, kisha akaniuliza kama kuna mtu aliyewahi kumwambia kaka hapana. Nikamweleza kwamba kwetu hatufanyi hivyo. "Hata ofisini hatukufanya, mdogo wangu," akasema. "Sisi tulikuwa tunaitikia, kisha tunalikalia agizo. Hebu jaribu wewe." Nikamwendea kaka pale ukutani, nikasema, "Kaka, hapana. Huu ukuta haujengwi." Akasema, "Haya." Akaweka koleo chini na kuuliza kama kuna chai. Jioni bwawa lilikuwa limekaushwa na kufukiwa, Mama Vipimo amerudi kwenye cherehani yake, na mume wangu ametoa taarifa kwamba Mstahiki ndiye aliyekuwa wa kwanza kuutilia shaka ukuta huo.

Kwa hiyo nalifuta ombi langu la kumrudisha madarakani, pamoja na hoja zote zilizolibeba. Lililobaki siwezi kulitatua. Sijui kama neno lile moja lingefaa kitu siku ukuta wa kiwanda ulipopitishwa, mbele ya madiwani, wahandisi na utepe ulionunuliwa mapema. Huenda kaka angesema "Haya" na kuomba chai. Huenda asingesema. Siwezi kujua, wala wewe huwezi, kwa kuwa katika chumba kile hakuna aliyelijaribu.