Bitana ya Daktari wa Madirisha

Siku mwenye nyumba alipopiga marufuku feni mchana, Daktari wa Madirisha alikuwa langoni, ametega sikio kama muumini mahubirini. Mita ya umeme ilikuwa moja, bili ikigawanywa sawa kwa sawa, na viyoyozi vyote vilikuwa ghorofani kwa mwenye nyumba. Hesabu hiyo ni ya zamani: walalao na jasho ndio wanaolipia baridi ya wengine. Daktari hakukasirika. Alinusa biashara.

Udaktari alijipa mwenyewe, na dirisha alilolijua vizuri ni lile la kutorokea.

Alasiri ile ile akawa amekaa kwenye kochi la mwenye nyumba.

"Mzee wangu, kiyoyozi hakina kosa. Kosa ni la dirisha. Unanunua umeme ili upambane na jua la bure."

Akatoa pazia zito lenye bitana nene, akafunikia bakuli la barafu. Bakuli la pili akalifunika kwa kitambaa cha kawaida. Akayaanika yote kwenye kibaraza cha ghorofani, wakanywa soda. Walipofunua, barafu ya kwanza ilikuwa ngumu bado. Ya pili ilikuwa maji ya kunawa.

"Wapangaji ndio watakaolipia?" akauliza mwenye nyumba. Macho yalikuwa kwenye barafu, lakini moyo ulishaingia mifukoni mwa watu.

"Nyumba yako, mzee. Wewe unaamua, wao wanashukuru."

"Basi Jumamosi nawaita wenye nyumba wenzangu. Waonyeshe hivi hivi, watalipa papo hapo. Na mimi usinisahau."

Sasa, pazia lile lilikuwa la kweli, na lilikuwa moja tu. Mengine yangewekwa magunia ndani. Daktari akalipeleka kwa fundi cherehani aliyepanga chumba cha uani, ambacho dirisha lake lilikula jua lote la alasiri. Kitandani alilala mama mkwe wa fundi, mgonjwa wa moyo, akijipepea kwa kifuniko cha sufuria tangu feni izimwe.

"Shikamoo, mama," alisema Daktari, maana adabu haimgharimu tapeli. "Dada, hili ndilo la mfano. Nataka yote yafanane, hata mimi mwenyewe nishindwe kuyatofautisha."

"Itabidi nilifumue. Nguo haiigwi kwa kuitazama usoni."

"Fumua, shona. Jumamosi nikiuza, unapata chako."

"Hiyo Jumamosi bibi yangu aliahidiwa," alisema fundi, "na mama yangu pia." Akachukua mkasi.

Jumamosi asubuhi mapazia yalikuwa tayari, yote mazito, yote yamenyooshwa kwa pasi. Daktari akachukua lile la mfano, alilokuwa amelitia alama ya uzi mwekundu, akalikumbatia kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Wenye nyumba walikaa kibarazani, matumbo mbele. Daktari akahubiri. Jua likafanya kazi yake. Akafunua bakuli la kitambaa cha kawaida: maji. Akafunua la pazia: maji.

Mmoja alichovya kidole, ili haki itendeke.

"Barafu za siku hizi..." akaanza Daktari.

"Kumbe tapeli ni barafu?" mwenye nyumba aliuliza. Wenzake, waheshimiwa ambao hawajawahi kumwibia mtu ila wapangaji wao, wakainuka kwa pamoja. Kiatu kimoja cha Daktari kilibaki mkononi mwa mmoja wao.

Akaingia uani akihema.

"Dada, umenifanyia nini?"

Fundi hakuinua mguu kwenye cherehani. "Ulitaka yafanane. Yamefanana."

"Bitana yangu iko wapi?"

"Wanashuka hao. Wasubiri, uwaeleze ulivyoibiwa."

Daktari aliiona. Ilikuwa dirishani, imepigiliwa misumari pande zote. Ngazi zilishaanza kutikisika. Akaparamia ukuta, mguu mmoja peku.

Jua liliendelea kuligonga dirisha bila kufunguliwa. Ndani, mama mkwe akageukia ukutani.

"Mwanangu, nitupie shuka. Kuna kibaridi."