Neno la Malkia wa Nyanya

Alhamisi, 9 Novemba

Siku kumi na mbili kabla ya uchaguzi wa diwani. Hapa Techiman wapiga kura wa mtaa wetu wengi ni wauza nyanya, na wauza nyanya wana malkia wao, Maame Dufie. Akisema lori lisishushwe, halishushwi. Akisema fulani anafaa, basi anafaa. Nimekaa kwenye cherehani asubuhi nzima nikijiuliza neno hilo lina nini ndani yake. Halipimwi kwa futi wala halishonwi!

Mpinzani wangu ni Tweneboa, seremala wa majeneza. Hana lolote ila tabia njema.

Jioni nimemwendea Maame aniidhinishe. Amenipa maji, ameuliza hali ya nyumbani, kisha akasema hanijui vya kutosha. Hanijui! Nimemshonea blauzi nne. Mke wangu Afriyie anasema tatu kati ya hizo zilimbana.

Jumamosi, 11 Novemba

Mazishi ya mjomba wake Maame. Nimepata wazo zuri ajabu. Anayeleta mchango hutangazwa kwa kipaza sauti, halafu wafiwa hupanga mstari na kuja kumshika mkono kwa shukrani. Wote, hata malkia.

Nimepeleka magunia kumi ya maji ya mifuko. Nyuma ya spika nimemficha Sarpong, mchapaji mabango, na kamera yake. Mtangazaji ameniita "Brempong muuza maji", lakini si neno. Maame amekuja, amenipa mkono, amesema asante kwa maji, amepita. Picha tayari!

Je, mkono si neno? Nimelifikiria hili hadi wakati wa kula. Nimeamua kwamba ni neno.

Jumatatu, 13 Novemba

Mabango yametoka. Mimi na Maame, mkono kwa mkono, na chini maandishi mekundu: MAAME DUFIE AMESEMA NI BREMPONG. Picha ya kwanza iliniweka upande wa kushoto, mahali pa mtu mdogo. Nimemwagiza Sarpong anihamishie kulia. Amebonyeza kitu kwenye kompyuta, nikahamia kulia. Kazi ya dakika moja! Tumebandika soko zima.

Jumanne, 14 Novemba

Watu wananitazama sana. Umaarufu huo. Lakini hakuna aliyeleta nguo, na muuza bamia mmoja amenisalimia kwa mkono wa kushoto, waziwazi, mbele za watu. Nimeshindwa kuelewa chuki hii inatoka wapi.

Afriyie amekuja na chakula. Amesimama mbele ya bango muda mrefu.

"Baba, hebu angalia hiyo mikono."

Nikaangalia. Mungu wangu! Sarpong hakunihamisha, aligeuza picha nzima kama kwenye kioo. Maame Dufie, kwenye mazishi ya mjomba wake mwenyewe, anampa mleta mchango mkono wa kushoto! Nami naupokea kwa wangu wa kushoto, nikicheka. Mtoto wa miaka mitatu angechapwa kwa hilo.

Tweneboa amepita akaniuliza kwa upole kama nahitaji ngazi ya kubandulia. Mtu mbaya sana yule.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimekwenda kuomba radhi na chupa mbili za pombe kali na kondoo. Kondoo alikataa kuingia, mimi pia nilitamani kukataa. Wazee wa soko walikuwepo. Nimeeleza habari ya kioo, hakuna aliyecheka. Niliogopa kwa kweli, kwa sababu hawa wakikufungia mlango huna pa kushonea Techiman hii.

Maame akaniuliza kama najua kwa nini alininyima neno lake. Nikasema kwa sababu ya blauzi.

"Brempong, nikiwaambia wanawake wangu mchukueni huyu, halafu ukala hela za choo cha soko, unadhani watakuja kwako? Wanakuja kugonga kwangu. Nitawaambia nini, kwamba ulileta maji?"

Amepokea kondoo, na kuniamuru nibandue mabango yote kwa mikono yangu. Nimetumia siku nzima. Gundi ya Sarpong ni nzuri mno. Nikibandua najiuliza: kumbe neno lake ni mzigo wake yeye? Ajabu! Nilidhani ni mapambo yangu.

Jumatano, 22 Novemba

Matokeo. Tweneboa kura mia nne na kumi na mbili. Mimi tisa. Afriyie anaapa alinipigia, mimi nilijipigia, kwa hiyo wapo saba nisiowajua na ninawapenda.

Nasikia juzi Maame alisimama katikati ya makreti akasema, "Tweneboa akiharibu, njooni kwangu." Basi. Hakuna bango, hakuna picha. Nimefikiri sana juu ya sentensi ile, na hatimaye nimegundua kosa langu.

Kosa langu ni kumchagua mtu aliye hai.

Leo asubuhi amefariki Mwalimu Nkansah, aliyewafundisha karibu mafundi wote wa mji huu na kuheshimiwa na wote. Januari chama cha mafundi cherehani kinachagua mwenyekiti. Nami ninayo picha nikimpima suti, anatabasamu. Afriyie ameniuliza kama mwalimu aliwahi kusema neno lolote zuri juu yangu. Alisema suruali ni fupi, lakini tulikuwa wawili tu.

Nimeshamwagiza Sarpong mabango mia mbili. Marehemu hatakanusha.