Mkemia wa Maziwa

Jumatatu, Julai 18, 1960
Mzungu wa maabara kaogopa vurugu za Kongo, kakimbilia Usumbura. Funguo kaniachia mimi! Miaka tisa nimefagia chumba kile. Leo mimi ni mkemia. Zahanati inatafuta mkaguzi wa maziwa. Kazi ni yangu. Kikwazo kimoja tu: Azarias wa milimani, muuza maziwa, aliyesoma misheni miaka mitatu na hachoki kutukumbusha. Mama Bernardine, mkuu wa wauguzi, ataamua Jumamosi.

Jumanne, Julai 19
Nimesoma kitabu cha Mzungu hadi macho yakauma. Kumbe unga wa muhogo ni sukari ndogondogo, maelfu, zimeshikana mikono! Ukiudondoshea iodini, unageuka mweusi. Maziwa hayana unga. Azarias, umekwisha!

Ijumaa, Julai 22
Nimemwambia Mama Bernardine kuna wanaoghushi maziwa, nami nitawafichua mbele ya watu. Akasema haya, tuone. Mke wangu Libérate kanifulia shati jeupe, akalitia maji ya muhogo, akalipiga pasi. Limekakamaa, linasimama lenyewe! Mkaguzi kamili.

Jumamosi, Julai 23, asubuhi
Azarias alipokuwa akisali, nimemimina uji mwepesi wa muhogo katika bido lake, dumu la maziwa. Haukuonekana kabisa. Mimi ni hatari!

Jumamosi, jioni
Aibu! Mukarusanga, mke wa Azarias, aliyaonja maziwa ya bido, akayakataa, akawapa ndama, akaleta mengine. Sikujua. Mbele ya umati nikadondosha iodini. Maziwa yakawa manjano tu. Nikaongeza. Nikatikisa chupa kwa hasira, dawa ikanirukia kifuani. Madoa meusi tititi shati zima! Mzee Kasimu wa dukani akauliza kwa upole: ikiwa cheusi ndicho chenye unga, basi hapa aliyeghushiwa ni nani? Azarias naye: "Ndugu, weye ndiyo iko na unga!" Walicheka mpaka wagonjwa wakatoka vitandani. Kazi kapewa Azarias. Nimeumia sana.

Jumapili, Julai 24
Azarias kaja baada ya ibada. Nikajua kaja kunicheka. La! Kasema mtu mwenye elimu yangu asikae bure. Niwe nateremsha maziwa yote kutoka milimani, peke yangu, ananiamini. Nimelia kweli. Nimemshika mikono yote miwili.

Kisha nikafungua kitabu. Proteini za maziwa ni kamba za shanga ziitwazo asidi za amino. Ukitia ndimu kidogo tu, zinagandamana madonge.

Nimenunua ndimu sita.