Mimi, Sajenti na Kofia ya Bwana

Jumatatu, 3 Juni 1957
Nimepata cheo! Bwana Pelling ameletewa mbwa wa jeshi aliyestaafu, akauliza nani hapa shambani anajua mbwa wa vita. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nikasema vitani Burma nilikuwa mkuu wa mbwa. Burma nilikuwa mpishi. Mbwa niliowajua ni wale waliokuja kuniibia nyama. Sasa nina koti lenye vifungo vya shaba, na Jonah nyapara hana. Mbwa anaitwa Sajenti. Mimi nilitoka jeshini bila hata mstari mmoja begani, kwa hiyo nilimpigia saluti, nyuma ya ghala. Hakuitikia.

Jumanne, 4 Juni
Mchana mawingu yalishuka kutoka mlima Menengai, radi ikapiga. Tangu Burma, radi na mimi hatupatani. Nikaingia uvunguni mwa kitanda kama kawaida yangu. Kumejaa! Sajenti yuko humo, anatetemeka mwili mzima. Nikamkumbatia shingo. Mke wangu Chepngeno aliinama, akatutazama, akauliza: baba Jeruto, huyu naye alikuwa mpishi? Ajabu ni kwamba sikuona haya. Miaka yote hii nimekuwa huko chini peke yangu.

Jumatano, 5 Juni
Jonah amemwambia Bwana kwamba mbwa ni mwoga. Fitina! Bwana amesema Ijumaa atamjaribu mbele ya watu wote: amkamate mwizi, kisha avumilie mlio wa bunduki. Akishindwa, atapigwa risasi. Jonah alinipa habari hizo huku anatabasamu. Ugali haukushuka. Haya, ulishuka, lakini kwa shida.

Alhamisi, 6 Juni
Nina akili mimi! Nimechukua kofia ya Bwana barazani, nikaificha chini ya kitanda cha Jonah. Kesho Sajenti ataigundua. Mbwa atapona, Jonah ataaibika, na mimi huenda nikapewa koti la pili. Ili mtu asione, niliibeba kwapani, ndani ya koti, kwenye jua kali. Hakuna pa kukosea.

Ijumaa, 7 Juni
Mwanzo ulikuwa mzuri. Nilimvuta Sajenti hadi nyumbani kwa Jonah, akatoka na kofia mdomoni. Shangwe! Jonah akaanza kuapa kwa jina la mama yake. Ndipo Bwana akamnusisha mbwa kofia ile, ati amtafute aliyeibeba. Sikujua mbwa wa vita hufanya hivyo. Mkuu wa mbwa angejua. Sajenti akampita Jonah, akawapita wakamuaji wa ng'ombe, akaja kukaa juu ya buti zangu. Kisha akaingiza pua kwapani. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Nilikuwa bado najieleza Bwana alipofyatua bunduki hewani. Moshi ulipotawanyika, Sajenti alikuwa chini ya trela. Najua, kwa sababu nilikuwa nimemtangulia.

Bwana akatia risasi nyingine. Nikamshika mbwa, nikapiga kelele kwamba akitaka kumuua, aanze na mimi. Sijui maneno hayo yalitoka wapi, niliogopa sana. Chepngeno akaja na jembe lake, akasimama mbele ya trela. Akamwambia Bwana kwamba hawa wawili waliharibiwa na vita vya serikali, na yeye Chepngeno ndiye anayeishi nao, kwa hiyo Bwana awaache. Niliona mikono ya Bwana nayo inatetemeka. Mwisho akashusha bunduki. Akasema nichukue mbwa, nirudishe koti.

Jumamosi, 8 Juni
Nimerudi kuchuma maua ya pareto. Jonah amenipa mstari wenye upupu. Nilistahili.

Mchana radi ilipiga. Uvunguni nikakuta Chepngeno ametandika gunia la pili kando ya langu. Roho yangu ilitulia kabisa. Sajenti alichukua gunia jipya. Cheo ni cheo.

Tukiwa tumelala pale nikakumbuka kwamba katika shamba la jirani wanatafuta mtu anayejua farasi wa vita. Burma niliwahi kumwona mmoja, kwa mbali. Jumatatu asubuhi nakwenda. Sajenti atakuwa shahidi wangu.