Setifiketi ya Ubaunsa na Kiti Yangu ya Mlangoni

Achola wa Kaptembwo,
Nakuru.
Septemba 2007.

Kwako Bwana Mkubwa wa leseni za mabaa,

Salamu kwanza. Habari ya kazi, habari ya watoto, habari ya hiyo baridi ya asubuhi. Mimi sikuenda shule. Mkono unaandika hii barua ni ya mjukuu yangu Natasha, wa form two. Ukiona herufi imelala, ni yake. Ukiona maneno ni mingi, ni yangu. Nimemwambia aandike yote, asichague.

Naitwa Achola. Marehemu mzee wangu alikuwa wa reli, ndiye alinileta Nakuru nikiwa msichana. Sasa mimi ni baunsa. Usicheke. Natasha amecheka tayari, mtu mmoja anatosha. Nina miaka sabini na kitu, goti moja haikunji, na ukinipima kwa mizani ya mahindi nitaaibisha mwenye mizani. Lakini miaka tatu nimelinda mlango ya baa ya Jasbir hapa Kaptembwo, na hakuna mtu amewahi kupigana mbele yangu. Hata mmoja. Siku hizi hata wa kusumbua simwoni, nafikiri Kaptembwo imeokoka.

Sasa tumesikia sheria yako. Ati kila baunsa aende kozi Lanet wiki mbili, apewe setifiketi na beji, na asiye na beji mwisho wa mwezi atoke mlangoni. Jasbir ni Kalasinga mpole. Alinisomea hiyo karatasi akiangalia chini kama mtu amebeba habari ya matanga. Akasema, "Mama, si mimi, ni serikali." Kwa hivyo nalalamika kwa serikali, na nitahesabu ndio usipotee.

1. Ya kwanza ni vile nilipata hii kazi. Natasha anasema hiyo si lalamiko, ni hadithi. Natasha, andika.

Kijana yangu Joash, baba ya huyu Natasha, ndiye pekee amebaki kwa wale nilizaa. Alikuwa anakunywa kwa Jasbir mpaka anasahau nyumba iko upande gani. Kila siku naenda kumvuta. Siku moja nikachoka, nikaketi hapo mlangoni juu ya kreti, nikasema leo nikufe hapa. Mwanaume mmoja akakuja, akasimama. "Mama, naomba nipite." Nikamuuliza vile mtu mzima huuliza: umeoa wapi? Akataja. Kumbe bibi yake ni wa ukoo ya mzee wangu!

Bwana Mkubwa, sijui kwenu ni wapi, lakini kwetu msichana wa ukoo ya bwana yangu ni msichana yangu, na mwenye amemwoa ni mkwe yangu. Na mkwe hawezi kumgusa mama mkwe. Hawezi kunywa akimwangalia. Hata mkono hampi. Huyo mtu alirudi nyuma kama amekanyaga makaa, akaenda kwake na kiu. Jasbir aliona yote akiwa kwa kaunta. Kesho yake nilipata kiti ya mbao na mto.

Basi kazi yangu ni hiyo swali moja. Ukoo yetu ni kubwa na wasichana wetu hawakai nyumbani, kwa hivyo nusu ya hii mtaa ni wakwe zangu. Wale wengine nauliza ndugu yao ameoa wapi. Nikipewa dakika kumi, hakuna mtu simpati.

Na Joash, tangu nipate kiti, sijamwona kwa hiyo mlango. Hata mara moja. Ameacha pombe. Nimemnusa akilala, hanuki. Jioni anakuja na unga mkononi. Hiyo ndiyo setifiketi yangu, na mtu wa Lanet hawezi kuandika ingine kama hiyo.

2. Fomu yako inauliza urefu na kifua. Urefu, Jasbir alinipima kwa ukuta na chaki, akaniongezea kidogo kwa heshima. Kifua, Natasha amekataa kuandika. Pia inauliza kama najua kusoma. Mlevi anakuja na maandishi?

3. Usiseme nilikataa kozi. Nilienda, na viatu ya kanisa. Nikapata vijana ishirini, shingo zao kama gunia ya viazi. Mmoja akaniambia, "Mathe, weka chai hapo." Nikamwambia chai ni wewe, mimi nimekuja kozi. Wakacheka mpaka shingo zikatingika.

Mwalimu anaitwa Kiptanui, alikuwa jeshi. Sauti yake inaweza kuamsha ng'ombe kutoka Lanet mpaka kwangu. Akasema leo tunajifunza kushika mtu na kumtoa nje bila kumuumiza. Akanichagua niwe mlevi kwa sababu mimi ni mwepesi. Akanyoosha mikono. Nami mdomo ikafunguka yenyewe, kwa mazoea: "Mwalimu, umeoa wapi?"

Akasema bibi yake ni Akoth. Akataja kwao. Bwana Mkubwa, Akoth ni mtoto wa shemeji yangu mdogo! Aliolewa nikiwa mgonjwa, huyo bwana sikuwa nimemwona. Kiptanui alishusha mikono. Akavua kofia. Iliyobaki alifundisha akiwa nje ya dirisha, ametupa mgongo, anapigia kelele ukuta ya choo. Sasa wewe niambie: hapo nani alimtoa mwenzake nje bila kumuumiza?

Lakini shida ndiyo hii. Mtihani ni lazima mwalimu akushike. Kiptanui hawezi kunishika hata akilipwa na rais. Bila kushikwa sipati setifiketi. Alinitumia yule kijana wa chai: "Ambia mama mkwe, sina njia." Nikarudi nyumbani kwa sababu nimeheshimiwa sana.

4. Watu wanafikiri mlango ni kitu ndogo. Joash mwenyewe mwezi iliyopita alikuja na jicho imefura. Nikauliza nini, akasema amegongwa na mlango. Wiki ingine ikawa jino. Mlango tena. Nikamwambia, mtu mzima unashindwa na mlango na mama yako anaishi nayo!

Kwa hivyo naomba ufute hiyo kozi. Badala yake weka mama mkwe kwa kila mlango ya Kenya. Weka benki. Weka kambi ya jeshi hapo Lanet, wapumzishe bunduki. Na Desemba kura ikifika, weka mmoja kwa mlango ya kuhesabia, kila mkubwa akitaka kuingia aulizwe kwanza ameoa wapi. Utaona vile watarudi nyuma. Mimi peke yangu siwezi, hii goti haifiki Nairobi.

5. Hii si ya kuchekesha. Nikitolewa kwa hiyo kiti nitakaa nyumbani kuangalia kabati. Hiyo naweza. Lakini mlango ikibaki wazi, Joash atarudi ndani. Mimi naogopa hiyo siku tu. Hayo mengine yote nimesema ni mdomo ya mwanamke mzee.

Nimemaliza, ningesimama nikuage lakini unajua goti. Salimia wote wa ofisi, salimia anayewapikia chai, salimia mama yako kama yuko. Salimia na bibi yako, na ukijibu, usisahau kuniandikia alitoka wapi.

Ni mimi,
Achola, Baunsa.
(Hiyo doa kubwa ni kidole yangu. Ile ingine ni chai.)

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaweka kidole. Natasha akashika kalamu akaniuliza, "Dani," ndivyo huita nyanya yake, "kwa Jasbir kuna milango ngapi?" Nikasema moja. Akasema ni mbili. Ati ile wiki nilipewa kiti, Jasbir alivunja ukuta ya jikoni, kwa sababu wakwe hawangeweza kunipita, na wale si wakwe walichoka na maswali. Miaka tatu wote wanazungukia huko. Mimi nilikuwa nasikia kelele nyuma yangu, Jasbir ananiambia ni mpira kwa televisheni.

Na kwa hiyo mlango ya jikoni nani amesimama? Joash. Natasha ndiye humpelekea chakula ya mchana. Jasbir alimwambia akiacha pombe atapewa kazi, akaacha. Baunsa mzima, bila kozi, anazuia watu na uso.

Kwa hivyo Bwana Mkubwa, usifute kozi. Iongeze iwe mwezi mzima. Anza na Joash kabla jino ingine haijatoka, na umwambie Kiptanui amshike vizuri, huyo ni shemeji, hakuna mwiko.

Mimi niachie kiti. Mlango yangu haipitwi na mtu, kwa hivyo haihitaji setifiketi.